Chumba cha ushonaji nyumbani: Kipangwe kifuate kazi, si macho ya wageni

NI Ijumaa, saa 11 jioni. Mteja amefika nyumbani kwa fundi cherehani kuchukua gauni la harusi ya kesho. Gauni limekwisha kushonwa, kilichobaki ni zipu tu, na zipu hiyo ilinunuliwa Kariakoo tangu Jumanne. Lakini iko wapi? Fundi anafungua droo, anapekua mfuko wa vipande, anainua godoro, anamtuma mtoto akaangalie kwenye kabati la vyombo. Nusu saa inapita. Mwishowe mtoto anakimbizwa duka la jirani, na rangi inayopatikana si ile aliyoichagua mteja.

Bei ya zipu ni ndogo. Hasara kubwa ni mteja mwenyewe, kwa sababu akifika harusini ataulizwa nani kamshonea, na jibu lake ndilo litakaloamua kama fundi atapata oda nyingine au atapitwa.

Mkasa wa aina hii unawafahamika wengi wanaoshonea nyumbani, wake kwa waume. Wengi wao walichagua nyumbani ili kukwepa kodi ya fremu, ambayo mijini mara nyingi hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Uamuzi huo ni wa busara, lakini faida yake huvuja kidogo kidogo pale chumba kinapokosa mpangilio.

Hesabu yake ni rahisi. Fundi anayepoteza dakika 40 kwa siku akitafuta mkasi, uzi au kipande cha kola, kwa siku sita za kazi amepoteza dakika 240, yaani saa nne. Kwa wiki nne ni saa 16, sawa na siku mbili za kazi za saa nane. Anayeshona gauni moja kwa siku amepoteza ujira wa magauni mawili kila mwezi, na hakuna aliyemuibia.

Ajichunguze kwanza

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kukimbilia kununua shelfu na makabati, au kuiga chumba cha mwenzao. Chumba kinachomfaa mmoja kinaweza kuwa kikwazo kwa mwingine, kwa sababu mafundi hawafanyi kazi kwa namna moja.

Yupo anayeshona nguo moja hadi iishe: anapima, anakata, anashona mshono, anapiga pasi, anarudi kwenye cherehani. Huyu hutembea kati ya meza, cherehani na pasi mara nyingi kwa siku, hivyo vitu hivyo vinapaswa kuwa hatua moja au mbili kutoka alipoketi.

Yupo anayeshona sare za shule. Anakata sketi 20 kwa pamoja, anaunga ubavu za zote, kisha zipu za zote, kisha mikanda ya zote. Kwake pasi inaweza kuwa hata chumba kingine, maana anaiendea mara moja tu kazi inapokwisha. Anachohitaji ni nafasi pande mbili za cherehani: upande mmoja rundo linalosubiri, upande mwingine rundo lililopita.

Na yupo anayerekebisha nguo, akipunguza suruali za mitumba na kubadili zipu. Huyu hahitaji meza kubwa ya kukatia. Anahitaji nyuzi za rangi nyingi zikiwa mbele ya macho yake.

Njia nyepesi ya kujitambua ni kubandika karatasi ukutani kwa wiki moja. Kila fundi anaponyanyuka kutafuta kitu, anachora mstari mmoja. Akinyanyuka kwenda kupiga pasi, anachora sehemu nyingine. Akilazimika kuhamisha kitu ili apate nafasi ya kukatia, vivyo hivyo. Mwisho wa wiki, sehemu yenye mistari mingi ndiyo ya kuanza nayo. Karatasi hiyo haigharimu chochote, na humzuia fundi kutumia fedha kwenye tatizo asilokuwa nalo.

Meza, cherehani na mwanga

Kitu kinachopewa nafasi kwanza ni cherehani, na mahali pake ni karibu na dirisha. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mwanga ukiingia kutoka kushoto, kivuli cha mkono hakifuniki sindano. Shelfu ya vitambaa nayo iwe upande usiopigwa na jua, kwa kuwa jua hupausha rangi, na mteja hatakubali kupokea kitenge kilichochuja mstari mmoja katikati.

Meza ya kukatia ndiyo inayoleta shida kwenye chumba kidogo. Wengi hukatia sakafuni au kitandani. Sakafuni mgongo huumia na kitambaa huokota vumbi. Kitandani godoro hubonyea na vipimo hupotea. Ipo njia ya kati. Karatasi moja ya plaiwudi huuzwa ikiwa na futi 4 kwa 8, yaani takriban sentimita 122 kwa 244. Nusu yake inatosha kutandaza upana wa vitenge vingi. Fundi seremala akiifunga ukutani kwa bawaba na kuiwekea miguu ya kukunja, inashushwa wakati wa kukata na kuinuliwa kazi ikiisha. Kimo chake kiwe karibu na kiuno cha anayeitumia, ili asilazimike kuinama.

Vifaa vidogo vikae pale vinapotumika. Chaki, tepu ya kupimia na mkasi wa kitambaa viwe mezani. Bobini, sindano na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi viwe kwenye cherehani. Kama tepu inahitajika sehemu zote mbili, ni nafuu kununua mbili kuliko kuisaka moja siku nzima. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi hata mara moja, kwani karatasi hulifanya kali lake liwe butu. Ukiwekwa kamba nyekundu mpinini, hata watoto watajua kuwa si wa madaftari.

Nyuzi zinaweza kupangwa kwenye ubao uliopigiliwa misumari iliyoinamia juu kidogo. Vifungo vikae kwenye chupa zinazoonyesha kilichomo, na zipu zining'inizwe kwa urefu. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio hukusanya pini zilizodondoka kwa dakika moja. Sindano zilizovunjika zitupwe kwenye kopo lenye mfuniko, hasa nyumba ikiwa na watoto wanaotambaa.

Pasi, umeme na moto

Pasi ndiyo inayokula umeme zaidi kwenye chumba cha ushonaji. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa moja mfululizo hutumia uniti moja ya LUKU. Mota ya cherehani ya wati 100 huchukua saa 10 kumaliza uniti hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, fundi anayeweza kukusanya nguo na kuzipiga pasi kwa pamoja huokoa fedha kuliko yule anayeiwasha na kuizima kutwa nzima.

Pasi ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuunganishia unaobeba pia taa, redio na cherehani. Waya mwembamba uliozidiwa mzigo hupata moto, na chumba kilichojaa nyuzi na vipande vya nguo huwaka haraka. Anayetumia pasi ya mkaa aiweke karibu na mlango au nje kabisa. Mbali na cheche, moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa.

Kila oda na mfuko wake

Vifaa vikishakaa sawa, kinachofuata ni mali za watu. Vitambaa vya wateja visichanganywe kwenye rundo moja. Kila oda ipewe mfuko wake, na ndani yake viwemo kitambaa, zipu, vifungo, bitana na kikaratasi cha vipimo. Juu ya mfuko iandikwe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mteja, tarehe ya kuchukua, kianzio alicholipa na salio. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Mifuko hiyo ipangwe kwenye shelfu yenye ngazi tatu: ambazo hazijakatwa, zilizokatwa, na zilizokwisha. Anayeingia chumbani asubuhi ataona mara moja kazi ilipokwama. Ngazi ya katikati ikifurika, ni dalili kwamba fundi anakata kuliko anavyoweza kushona, na apunguze kupokea oda mpya kabla hajaanza kuvunja ahadi. Kwa mpangilio huu, ile zipu ya Ijumaa isingetafutwa chini ya godoro. Ingekuwa ndani ya mfuko wa gauni lake.

Chumba chenye kazi mbili

Si kila nyumba ina chumba cha ziada. Mara nyingi cherehani hukaa sebuleni, na vijijini hukaa chumba kimoja na magunia ya mahindi. Sebuleni, pona ya fundi ni pazia linalotenga kona yake, pamoja na kioo na sehemu ya mteja kupimiwa kwa staha. Mteja asipitishwe kati ya nguo za wengine.

Kwenye magunia, hatari ni kubwa zaidi. Nafaka huvuta panya, na panya haulizi kama anatafuna gunia au suti ya mtu. Vumbi la dawa ya kuhifadhia nafaka nalo halifai kutua kwenye nguo zitakazovaliwa mwilini. Kama hakuna namna ya kutenganisha, mifuko ya oda iwekwe kwenye ndoo au sanduku lenye mfuniko, na magunia yakae upande wa pili wa chumba, juu ya mbao.

Kuupanga ni siku moja, kuudumisha ni kila siku

Utaratibu wa aina hii si mgeni nchini. Njia ya Wajapani ijulikanayo kama 5S imetumika katika hospitali za Tanzania tangu mwaka 2007, na kwa Kiswahili hatua zake tano huitwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Hatua ya tano ndiyo inayowashinda wengi. Chumba kinaweza kung'ara Jumapili na kuwa jalala kufikia Alhamisi.

Dawa yake ni dakika 10 za mwisho wa siku. Mkasi unarudi mahali pake, vipande vinafagiwa, cherehani inafunikwa, na mfuko wa oda ya kesho unawekwa mezani. Ikiwa cherehani imetiwa mafuta, ishone kwanza kitambaa chakavu, ili tone la mafuta lisiishie kwenye shati jeupe la mteja.

Kazi hii isisubiri Desemba, wakati wazazi wamepanga foleni ya sare za Januari, wala wiki ya mwisho kabla ya Idd. Ifanyike oda zinapokuwa chache. Vijijini mara nyingi huwa ni kipindi cha kulima na kupalilia, kabla mavuno hayajaleta fedha. Fundi ajaribu mpangilio mpya kwa wiki moja kabla ya kupigilia msumari wowote, kisha abandike tena ile karatasi ukutani na kuhesabu mistari. Ikipungua, basi zile saa 16 zimeanza kurudi mfukoni.