Ua linalotia ganzi jino: Lina nini ndani yake?

NDUGU msomaji, huenda umewahi kumwona mtu anayeumwa jino akichuma kichwa cha ua dogo la njano na kukitafuna. Ulimi humwasha, mate humjaa mdomoni, kisha fizi hufa ganzi. Wataalamu huuita mmea huo Acmella caulirhiza, na zamani uliitwa Spilanthes mauritiana. Huota sehemu zenye unyevu katika Afrika Mashariki.

Je, ganzi hiyo inatokana na nini? Ili kujua, watafiti hukausha maua kivulini, huyasaga na kuyaloweka kwenye spiriti, kisha huchuja. Maji ya dawa hiyo yakitikiswa na kutoa povu lisiloisha upesi, ni dalili ya saponini. Yakigeuka buluu nzito au kijani baada ya kutiwa kemikali yenye chuma, ni dalili ya tanini. Kinachotia ganzi, yaani spilantholi, huhitaji vipimo zaidi vya kutenganisha kemikali moja moja. Mwaka 1986 mtafiti wa Kenya, Jondiko, alieleza kuwa mmea huu una kemikali inayoua viluwiluwi vya mbu.

Mkoani Kagera, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili waliorodhesha aina 94 za mimea ya dawa katika kata ya Bugabo, Bukoba, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mwaka 2012 wakachapisha ya kijiji cha Kikuku, Muleba. Hivyo wewe uliyeko Kagondo, elimu ya wazee wako si ya kupuuzwa.

Lakini tahadhari! Kipimo cha rangi na povu huonyesha aina ya kemikali iliyomo tu. Hakikuambii unywe kiasi gani, wala kama mtoto au mjamzito atasalimika. Aidha, ganzi huondoa maumivu, haizibi tundu wala haiondoi usaha. Wengi hupata nafuu, wakalala, huku jino likiendelea kuoza.

Ukiona shavu limevimba, una homa, au kumeza na kupumua ni taabu, usitafune ua jingine. Wahi hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuua.

Kwa kila siku, punguza sukari na upige mswaki kwa dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Sunna ya mswaki wa mti nayo idumishe kila unapotawadha. Jino linalotunzwa halihitaji kutiwa ganzi.