Mlimani Maharagwe Hayaivi

Sufuria ya githeri inaweza kutokota saa tatu nzima pale Mackinder's Camp, Mlima Kenya, mvuke ukitanda kibandani, na bado maharagwe yakakwaruza meno kama changarawe. Mpishi hana kosa. Kambi hiyo iko mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi za Selsiasi badala ya 100.

Sababu ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokandamiza maji kwa nguvu ndogo, na kila mita 300 hivi hushusha joto la kuchemka kwa nyuzi moja. Aliye mjini Nyeri ameshapoteza karibu nyuzi sita kabla hata ya kupanda matatu ya kwenda Naro Moru. Kuongeza moto hakufui dafu: maji yakishachemka hayazidi joto, yanakauka tu, na gesi inakwisha nayo.

Ugumu wa maharagwe si usumbufu wa meno peke yake. Maharagwe mekundu yana lektini, protini ya asili ambayo huvunjika yakichemshwa barabara, lakini huweza kusalia yakipikwa kwa joto la chini. Humtapisha mlaji ndani ya saa chache. Na kichefuchefu, pamoja na kukosa hamu ya chakula, ni dalili za maradhi ya mlima yanayoletwa na upungufu wa oksijeni. Mgeni akianza kutapika usiku, kiongozi wake atajuaje kama kilichomwangusha ni mwinuko au ni chakula cha jioni?

Kwa hiyo kanuni ya kufungasha ni nyepesi: upishi ufanyike bondeni, juu kubaki kazi ya kupasha moto. Githeri iliyoivia Naro Moru au Nanyuki na kubebwa kwenye mkebe inafaa kwa usiku wa kwanza, pale Met Station kwenye mita 3,050, alimradi ilipoe upesi baada ya kuipuliwa na ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Nduma na viazi vitamu vya kuchemsha navyo viliwe mapema. Ni vitamu na vinashibisha, ila uzito wake mwingi ni maji, na mgongo wa mpagazi unaujua.

Wanga wenyewe hauna ukaidi wa maharagwe. Wanga wa mahindi hulainika kabla maji hayajafika nyuzi 80, ndiyo maana wapagazi husonga ugali kambini bila shida. Tambi za pakiti ni rahisi zaidi, kwa sababu zimeshapikwa kwa mvuke na kukaangwa kiwandani. Zinangoja maji ya moto tu. Kasoro yake ni chumvi nyingi na protini haba. Dawa yake ni mayai yaliyochemshwa mjini, au omena waliokaangwa wakakauka, na pilipili kidogo ya kuamsha ulimi, maana baridi huziba pua na chakula kinapoteza ladha.

Kisha kuna suala la mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kwa hesabu hiyo mfalme wa mfukoni ni makadamia, inayolimwa mashambani Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru: gramu 100 zina kalori zaidi ya 700. Ajabu ni kuona watu wanaishi katikati ya miti hiyo halafu wanapanda mlima na biskuti. Hata hivyo, mafuta hukaa sana tumboni, na wanga huupa mwili nguvu kwa oksijeni pungufu kuliko mafuta. Makadamia zitafunwe njiani chache chache; mlo wa jioni uwe wa wanga.

Kukausha chakula nako si jambo geni katika eneo hili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliendesha kiwanda cha kukausha mboga Karatina, kwa ajili ya majeshi. Kabichi ni maji kwa zaidi ya tisa ya kumi. Yakitolewa, bakteria hawana pa kustawi na gunia linakuwa jepesi. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa.

Miaka hiyohiyo, Januari 1943, mateka watatu wa Kiitalia walitoroka kambi ya Nanyuki ili waupande mlima. Felice Benuzzi na wenzake walikuwa wameficha akiba ya chakula kwa miezi, na picha mojawapo iliyowaonyesha mlima ulivyo ilitoka kwenye lebo ya kopo la nyama na mboga. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, kwenye mita 4,985. Chakula hakikutosha, wakarudi wenyewe kambini na njaa yao.

Msafiri wa leo ana shida nyingine: vifungashio. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, chupa za maji zikiwemo. Halafu pakiti yoyote iliyofungwa na hewa ndani yake huvimba kama puto kadiri mwinuko unavyozidi, na nyingine hupasuka ndani ya begi. Mikebe ya kufunga kwa kifuniko ndiyo salama.

Mkebe una faida ya pili. Safari ya Lenana huanza saa nane au tisa za usiku, na asubuhi hema zikiwa tupu, pimbi wa Mackinder's hutoka miambani kukagua. Hawaogopi watu, na chapati iliyosazwa kwenye karatasi haimalizi dakika tano.