Kilomita 150 kwa saa, lakini kwenye paa la nani?

Msikilizaji wa redio mjini Tanga ameshaizoea namba ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa. Akiisikia hiyo, mvuvi wa Deep Sea au Sahare anajua kesho ngalawa inabaki nchi kavu. Mwanzoni mwa Mei 2024 ikasikika namba ya aina nyingine. Kimbunga Hidaya, kikiwa bado baharini upande wa kusini, kilifikia takriban kilomita 150 kwa saa, kabla ya kupungua nguvu na kutua Mafia tarehe 4.

Ukigawanya kwa haraka utasema ni karibu mara nne. Kwa kasi, sawa. Kwa paa, hapana, maana nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 40 husukuma kila mita ya mraba kwa kama kilo 8. Wa 150 husukuma kwa kilo 108 hivi, yaani mara 14. Chukua paa la mita 8 kwa 10. Upepo unaopita juu ya bati hulinyonya kwenda juu, na kwa makadirio ya jumla mnyonyo huo hukaribia kipimo hichohicho: zaidi ya tani 8, kwenye paa ambalo bati zake zote za geji 30 hazifiki kilo 250. Pembeni na kwenye ukingo mnyonyo unaweza kuwa maradufu, ndiyo maana bati la ukingoni ndilo huanza kung'oka.

Ila ile 150 haikupimwa kwenye paa la mtu. Ni wastani wa dakika 10, kwa kimo cha mita 10, juu ya bahari tupu. Shuka hadi mita 2, alipo mtu aliyekaa kwenye ngalawa, kasi hupungua kwa asilimia 16 hivi. Panda hadi mita 40, kwenye ncha ya kreni, huongezeka kwa asilimia 17, na nguvu kwa 36. Bandari ya Tanga, iliyopanuliwa kwa shilingi bilioni 429.1 ikapata gati la mita 450 lenye kina cha mita 13, inahitaji hesabu hiyo ya juu kuliko ile ya redioni. Ng'ambo ya ghuba, Chongoleani, gati la bomba la mafuta kutoka Uganda linaingia baharini ambako hakuna mnazi wala ukuta wa kuukata upepo.

Nchi kavu mambo hubadilika kwa namna inayodanganya. Minazi, nyumba na vilima huukwaruza upepo, wastani ukashuka. Tuseme kilomita 100 za baharini zimekuwa 70 kule Ngamiani, mjini Tanga. Kwa wastani, nguvu imepungua nusu. Lakini bati haling'olewi na wastani wa dakika 10. Linang'olewa na msukumo wa sekunde tatu. Kwa vipimo vya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, msukumo huo baharini huwa mara 1.23 ya wastani, na ndani ya nchi kavu mara 1.66, kwa sababu vikwazo vilevile vinavyoupunguza upepo huuvuruga pia. Kwa hiyo baharini ni kilomita 123, Ngamiani 116. Nguvu imepungua kwa asilimia 11 tu.

Tanga ina bahati ya mahali ilipo, hilo nalikubali. Iko digrii 5 kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huupinda upepo kwa theluthi moja tu ya nguvu iliyopo digrii 15, na bila kupindwa huko kimbunga hakijikunji vizuri. Tena, huku kwetu kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikipita kusini, Mafia au Kilwa, upepo wa Tanga hutoka bara kwenda baharini, kama umande wa alfajiri uliopandwa na wazimu: unasukuma maji nje badala ya kuyaleta mitaani.

Bahati hiyo ina mpaka wake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, digrii moja tu chini yetu, kikafyeka sehemu kubwa ya mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash. Pemba, iliyo latitudo moja na Tanga, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na karafuu zikahamia kwake. Kutoka mji wa Zanzibar hadi Tanga ni kilomita 120 hivi, hadi Pangani hazifiki 100.

Turudi kwenye kilomita 116 za Ngamiani. Hizo ni kilo 65 kwa mita ya mraba. Papi zikiachana mita moja na misumari sentimita 40, kila msumari unavutwa kwa kilo 26, wa ukingoni 52. Fundi akiruka kila papi ya pili ili kubana matumizi, wa ukingoni unabeba kilo 104, na msumari ni uleule.