Mozart atampa mtoto akili?

Sokoni wanatuuzia flashi za muziki wa Mozart: eti mtoto akisikiliza, akili itaongezeka. Je, tutoe pesa ya unga?

Neno hili lilianzia Marekani mwaka wa 1993. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza Mozart kwa dakika 10, kisha wakapewa mafumbo ya maumbo. Walifaulu zaidi, lakini faida hiyo ilidumu kama robo saa tu. Tena walikuwa watu wazima, si watoto wachanga. Mwaka wa 1999, watafiti wa Kanada waliona kwamba wanaopenda hadithi hufaulu vizuri wakisikiliza hadithi. Kumbe kinachosaidia ni moyo kuchangamka.

Darasani sisi walimu tunaona kwamba mtoto anayeimba mwenyewe anajifunza kusikiliza, kukumbuka na kungoja zamu yake. Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga, alikuwa mwalimu wa muziki hapa hapa mjini kwetu.

Basi, wamama, pesa ya unga ibaki kwa unga. Jioni, tukipika bukari, tuanzishe wimbo, watoto waitikie. Kisha tuwape hadithi.