Baridi isikufungie shamba la jikoni

Ifikapo Juni, akina mama wengi wa Nairobi huacha vishamba vyao na kurudi kununua sukuma wiki kibandani kila jioni hadi Septemba. Ya nini? Sukuma wiki, spinachi, kabeji na dania huvumilia baridi vizuri. Kunde ndizo hudumaa.

Nyanya ni hatari zaidi. Baridi ikichanganyika na unyevu, majani hupata mabaka meusi, ugonjwa ule ule wa viazi, nao huweza kumaliza miche yote kwa siku chache. Ing'oe iliyougua, usiitupe kwenye mboji. Maji mwagilia asubuhi, shinani.

Nanyi wa Limuru na Kinangop, usiku usio na mawingu funikeni miche kwa nyasi kavu. Umande ukiganda, majani huungua.