Bosnia: Nchi ya marais watatu yabisha hodi Ulaya

Wenzangu mnaovusha mizigo Kobero na Manyovu mtanielewa upesi nikianza na namba za magari. Vita vya Bosnia na Herzegovina vya 1992 hadi 1995 viliua watu wapatao 100,000 na kuwang'oa makwao zaidi ya milioni mbili. Vilipokwisha, dereva aliogopa kukanyaga upande wa pili, maana namba ya gari ilitaja alikotoka kabla yeye hajafungua kinywa. Mwaka 1998 mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa aliamuru namba mpya za nchi nzima, kwa herufi zile tu zinazofanana katika maandishi ya Kilatini na ya Kikirili ya Waserbia: A, E, J, K, M, O na T. Askari wa kizuizini akawa hana cha kusoma. Magari yakapita.

Nchi yenyewe iligawanywa na mkataba wa Dayton, uliotiwa saini Paris Desemba 14, 1995. Shirikisho la Wabosniaki (wengi wao Waislamu) na Wakroati lilipata asilimia 51 ya ardhi, na Republika Srpska ya Waserbia asilimia 49. Juu yao kuna marais watatu, mmoja kwa kila kabila, wanaopokezana uenyekiti kila miezi minane. Nasema kabila kwa kukosa neno jingine, kwani wanasikilizana bila mkalimani, kama sisi na Kirundi chetu.

Soko liliwatangulia wanasiasa. Mwaka 1996, karibu na mji wa Brčko, kando ya barabara ambayo wanajeshi wa Marekani waliipa jina la Arizona, watu waliokuwa wakipigana mwaka uliotangulia walianza kuuziana bidhaa jirani na kizuizi cha majeshi ya NATO. Silipambi soko hilo: magendo yalijaa, na hata wanawake waliuzwa. Lakini mnunuzi hakuulizwa kabila. Sarafu moja ilifuata mwaka 1998, na Januari 1, 2006 ikaja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 17 kwa nchi nzima, makao makuu ya mamlaka yake yakiwa Banja Luka, upande wa Waserbia. Penye fedha, basi, walielewana.

Tuliorudi kutoka ukimbizini tuna la kuuliza zaidi. Mkataba wa Dayton uliwapa wakimbizi haki ya kurudishiwa nyumba zao zilezile, na kufikia Septemba 2004 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu watu milioni moja waliorejea. Mimi niliyezaliwa Ulyankulu na kurudi Burundi mwaka 2009, nikikuta wengine wakilima shamba la baba yangu, naisoma hesabu hiyo kwa wivu. Hata hivyo wengi walipokea funguo, wakaiuza nyumba, wakaondoka tena. Kazi hazikuwapo, na mtoto angesoma wapi?

Swali hilo ndilo linalonigusa kama mwalimu. Katika sehemu kadhaa za Shirikisho wana kitu wanachokiita shule mbili chini ya paa moja. Jengo ni lile lile, lakini watoto wa Kikroati na wa Kibosniaki wana walimu wao, vitabu vyao vya historia, na pengine mlango wao au zamu yao. Nimefundisha darasa lenye watoto wa waliobaki na wa waliorudi, wengine wakijua Kiswahili tu. Ni kazi ngumu, lakini mwisho wa muhula walikuwa wakigombea mpira mmoja. Brčko, iliyofanywa wilaya ya pekee, iliunganisha shule zake mwaka 2001. Mjini Jajce wanafunzi wenyewe waliandamana kupinga shule mpya ya kuwatenganisha, na mwaka 2017 mpango huo ukaachwa.

Watu wazima wanakwenda polepole zaidi. Bosnia iliomba kujiunga na Umoja wa Ulaya Februari 2016, ikapewa hadhi ya mgombea Desemba 2022, na Machi 2024 viongozi wa Ulaya wakakubali mazungumzo yafunguliwe. Doa moja kubwa ni la mwaka 2009: Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg iliamua kwamba Dervo Sejdić, Mroma, na Jakob Finci, Myahudi, wanabaguliwa, kwa kuwa katiba inaruhusu makabila matatu tu kugombea urais. Katiba haijarekebishwa. Kwetu Batwa wametengewa viti vitatu katika kila baraza la bunge. Vichache, ndiyo, lakini vipo.

Gharama ya kuchelewa inaonekana mpakani. Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 siku moja na jirani yetu Rwanda. Bosnia iliachwa mlangoni: Kroatia ilipojiunga na Umoja wa Ulaya Julai 1, 2013, wafugaji wa Bosnia waliokuwa wakiuza maziwa huko walizuiwa, kwa sababu mifumo yao ya ukaguzi haikufikia kanuni za Ulaya. Ulaya ilitaka mtu mmoja wa kujibu kwa niaba ya nchi nzima. Wizara ya kilimo ya nchi nzima Bosnia haikuwa nayo, na hadi leo haina.