Lafudhi na Sikio la Msikilizaji: Kiingereza cha Wageni Kinavyopokelewa

Utangulizi

Mwaka wa 1981, Manuel Fragante, mhamiaji kutoka Ufilipino, alifanya mtihani wa kuwania kazi ya ukarani katika idara ya leseni za magari mjini Honolulu, Hawaii. Miongoni mwa watahiniwa 721, yeye ndiye aliyeongoza. Hata hivyo, baada ya mahojiano ya ana kwa ana alinyimwa kazi, kwa hoja kwamba lafudhi yake nzito ingewatatiza wateja. Akaenda mahakamani. Jaji alikiri kwamba Fragante alikuwa na umilisi mpana wa Kiingereza, lakini akaona kuwa matamshi yake ni magumu kufuata. Mwaka wa 1989 mahakama ya rufaa nayo ikampa ushindi mwajiri.

Kesi hii yaibua swali linalotuhusu sote tunaoshughulika na lugha: msikilizaji anapotatizwa na lafudhi, je, tatizo li kinywani mwa msemaji au sikioni mwa msikilizaji?

Mambo matatu yanayochanganywa

Lafudhi ni namna ya utamkaji inayodokeza msemaji ametoka wapi. Hakuna asiyekuwa nayo. Mtu ajifunzapo lugha ya pili huiingia akiwa na mfumo wa sauti wa lugha yake ya kwanza. Kiswahili, kwa mfano, kina irabu tano, ilhali Kiingereza kina irabu nyingi zaidi. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili huenda akayatamka maneno ship (meli) na sheep (kondoo) kwa namna moja. Vilevile, mkazo katika Kiswahili aghalabu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika Kiingereza huhamahama.

Mwaka wa 1995, Murray Munro na Tracey Derwing, wanaisimu wa Kanada, walichapisha utafiti ambamo wasemaji asilia wa Kiingereza walisikiliza Kiingereza cha wasemaji wa Kimandarini. Wasikilizaji waliandika walichokisikia, kisha wakakadiria uzito wa lafudhi na wepesi wa kuelewa. Ilibainika kwamba sentensi nyingi zilizohukumiwa kuwa na lafudhi nzito ziliandikwa bila kosa lolote. Hivyo basi, yatupasa kutenganisha mambo matatu: uzito wa lafudhi, juhudi anayoitumia msikilizaji, na kiwango ambacho ujumbe umefika. Waliomhukumu Fragante walilipima la kwanza wakadhani wamelipima la tatu.

Sikio hujifunza

Isitoshe, juhudi hiyo ya msikilizaji hupungua upesi. Mwaka wa 2004, Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha kwamba wasemaji asilia wa Kiingereza huchelewa kidogo wanapokutana na lafudhi ngeni, lakini ucheleweshaji huo hupungua katika muda wa dakika moja tu ya kusikiliza. Mahojiano mafupi, kwa hivyo, huweza kukatizwa wakati sikio ndilo kwanza linazoea.

Aidha, hakuna sikio moja linaloweza kuwa mizani ya watu wote. Tessa Bent na Ann Bradlow waligundua mwaka wa 2003 kwamba kwa wasikilizaji ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, msemaji mgeni mwenye umilisi mzuri anaweza kueleweka sawa na msemaji asilia.

Macho na imani

Lililo zito zaidi ni kwamba msikilizaji hasikii kwa masikio pekee. Katika utafiti wa Donald Rubin uliochapishwa mwaka wa 1992, wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walisikiliza mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, jingine picha ya mwanamke mwenye asili ya Asia. Sauti ilikuwa ileile; lakini kundi la pili lilidai kusikia lafudhi ya kigeni, na hata likaelewa machache zaidi.

Nao Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar waliripoti mwaka wa 2010 kwamba taarifa za kawaida zilisadikiwa kidogo zaidi ziliposemwa kwa lafudhi ya kigeni. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo hayo daima. Hata hivyo, swali linabaki: tunapomshuku msemaji, tumeyapima maneno yake au ugumu wetu wa kuyapokea?

Hii haina maana kwamba matamshi hayana uzito. Mkazo ukiwekwa mahali pasipofaa, au sauti mbili zinazotofautisha maana zikiunganishwa, ujumbe huweza kupotea kweli. Makosa kama hayo yanastahili kufundishwa na kusahihishwa. Linalopingwa hapa ni kuichukulia kila dalili ya ugeni kuwa kosa.

Hitimisho

Nchini Kenya twaujua ugonjwa huu. Mwenzetu akibadilisha /r/ na /l/, au /sh/ na /s/, iwe katika Kiingereza au Kiswahili, darasa huangua kicheko na kusema "ameshrabu", hata kama kila mmoja amemwelewa. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia watu waliouawa kwa kushindwa kutamka sauti moja tu katika neno Shibolethi. Kicheko cha darasani si upanga, lakini humfunga mtu kinywa.

Kwetu sisi tunaojiandaa kuwa walimu, watafsiri na watangazaji, funzo ni wazi. Kabla ya kumsahihisha msemaji, tujiulize: ujumbe umepotea, au sikio langu halijazoea? Mawasiliano ni mzigo wa watu wawili. Si haki kumtwika mmoja peke yake.